Balozi Imogen Thackray na Karamu Isiyo na Viti

Tarehe 31 Machi, Balozi Imogen Thackray atarudisha kitambulisho chake getini, hapa London, baada ya miaka thelathini na saba ya kuitumikia Wizara ya Mambo ya Nje. Walinzi wameanza kununa mapema.

Alitujia kutoka Halifax, binti wa dereva wa basi, katika idara iliyojaa vijana waliosoma shule moja. Walimcheka lafudhi. Hakuibadili, na miaka minne baadaye yeye ndiye aliyekuwa akiwapangia kazi. Alipanda ngazi Sofia, Lisbon na Ankara, na kote huko hakuruhusu mpishi yeyote aliguse birika lake la chai.

Lakini sifa yake kubwa ni moja, nami niliishuhudia. Miaka kumi na tisa iliyopita alikuwa balozi katika nchi ambayo adabu ya kazi yetu inatukataza kuitaja. Meli ya bandari yetu ya Hull ilikamatwa huko pamoja na mabaharia kumi na watatu. Mmoja wao, fundi mitambo Wilf Ormerod, alikuwa taabani kwa ugonjwa wa figo, na daktari wa gereza alisema hamalizi wiki. Ili waachiwe, zilihitajika sahihi mbili: ya Waziri wa Sheria na ya Mkuu wa Wanamaji. Wazee hao hawakupikika chungu kimoja. Mara mbili walialikwa chakula, mara mbili wakageuza magari langoni, kwa kuwa kila mmoja alitaka kuketi mkono wa kulia wa balozi.

Jumatano akawaalika tena, kisha akaniita mimi, katibu wa tatu wa ubalozi. "Toa viti vyote. Hata cha piano." Nilibeba viti ishirini na vinne mpaka bustanini huku nikimlaani kimoyomoyo.

Wageni wakala pai wima, saa mbili nzima, bega kwa bega. Waziri akasalimu amri kwanza.

"Mama, miguu inawaka moto jamani! Nipe hata kigoda."

"Kochi lipo chumba cha pili, Mheshimiwa. Na kalamu ipo hukohuko."

Mkuu wa Wanamaji alicheka mpaka pai ikampalia. Nakala za hati ya kuwaachia zilikuwa mbili, ili kila mmoja atangulie kusaini ya kwake. Kulipokucha, Ormerod alikuwa ndani ya ndege, na wenzake wakafuata Jumamosi.

Makao makuu yalimwandikia karipio kwa kuvunja itifaki. Alilitia fremu, akalitundika msalani. Heshima si utumwa, na Imogen hakuwahi kuchanganya mambo hayo mawili. Nilijivunia kuwa chini yake, na najivunia hadi leo.

Wilf Ormerod ametimiza miaka themanini Januari hii. Si mtu wa maneno mengi, na ametutumia mstari mmoja tu: "Mwambieni mama yule, wajukuu zangu wote sita wananijua."

Imogen, asante. Nawe tunakuombea miaka tele ya kukaa na wako, mpaka wakuchoke.