Aliyejua Umri wa Kisima Namba Saba

Tarehe 30 Juni, mchambuzi wetu mkuu wa takwimu za uzalishaji atakabidhi funguo za chumba cha mwisho kwenye korido, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Alianza akiitwa Dada Gawanya. Alipopata mtoto akawa Mama Gawanya. Na tangu bintiye ajifungue mwaka jana, walinzi wa getini wamempandisha cheo, sasa ni Bibi Gawanya. Hicho ndicho cheo pekee alichokipokea bila kuuliza kimekokotolewaje.

Jina lenyewe alijitafutia. Aliajiriwa kuwa karani wa kunakili vipimo, kazi ya kuandika kila asubuhi kisima gani kimetoa mapipa mangapi. Miaka miwili baadaye alipelekwa kozi, akarudi mchambuzi, na tangu hapo ukimpelekea namba yoyote, atakuuliza kama umegawanya. Hata nilipoajiriwa mimi, grafu tulikuwa bado tunazichora kwa mkono, kwenye karatasi za miraba, na penseli zake alizichonga kwa wembe mpaka ncha ikawa inachoma. Nakikumbuka sana chumba kile, na feni iliyopeperusha karatasi za kila mtu isipokuwa zake, maana alizigandamiza kwa mawe ya sampuli.

Kwa wasioishi na visima, nieleze alichokuwa akigawanya. Kisima hakitoi mafuta sawasawa kila siku. Leo valvu imefunguliwa yote, kesho nusu, keshokutwa imefungwa kwa matengenezo. Kuhesabu umri wake kwa kalenda peke yake ni kujidanganya. Yeye alichukua mapipa yote yaliyotoka tangu siku ya kwanza, akayagawanya kwa mapipa ya siku anayoichunguza. Kama kisima kimeshatoa mapipa elfu tisini, na leo kinatoa mia tatu, basi umri wake wa kazi ni siku mia tatu, hata kama kalenda inasema mia mbili. Alitufundisha haya kwa mfano wa ndoo na tangi la maji la nyumbani kwake. Mumewe, fundi cherehani, alilalamika kwamba siku hizo hata kuoga kulikuwa na hesabu.

Nasi tulimpa kazi. Mwenzetu mmoja, ambaye leo ni mkuu wa ghala, alifika kwenye siku ambayo kisima kilifungwa, kikokotoo kikakataa kugawanya kwa sifuri. Akaandika pipa moja ili mashine iridhike. Kisima ambacho hakijatimiza miezi saba kikawa na umri wa miaka mia mbili na arobaini na sita. Mama Gawanya alicheka mpaka akavua miwani, kisha akamwambia kwamba siku kisima kinapolala akiache kilale, asikiandikie kazi ambayo hakikuifanya.

Mimi hakunicheka. Nilikuwa na miezi mitano kazini, bado niko kwenye majaribio, nilipoandika ripoti ya kupendekeza Kisima Namba Saba kizibwe kwa saruji. Grafu yangu ya kalenda ilikuwa imeporomoka. Mkurugenzi alishakubali, na watu kumi na wawili wa zamu ya kisima kile walishaambiwa wajiandae kuondoka. Kisima kikishazibwa kwa saruji, basi tena. Siku moja kabla ya kikao cha kuisoma ripoti hiyo, Mama Gawanya alikuja mezani kwangu, akavuta kiti, akaniuliza kwa upole kama najua ni nani aliyebana valvu. Sikujua. Tulikuwa tumeibana wenyewe, miezi kumi na minne, kwa sababu bomba la kusafirishia mafuta lilikuwa likitengenezwa.

Tulishinda pale mezani tukigawanya vipimo vya kila siku, kimoja baada ya kingine: kwanza jumla kwa mapipa ya siku, kisha mapipa ya siku kwa tofauti ya presha kati ya mwamba na kisima, ile iliyoyasukuma. Nukta zangu zilizotapakaa zikajipanga mstari mmoja. Kisima kilikuwa kizima. Sisi ndio tuliokikaba. Kufika saa kumi jioni nilikuwa nalia, sioni haya kusema. Akaniambia ripoti ni yangu, niirekebishe mwenyewe na niisome mwenyewe, na kwamba yeye siku hiyo hakuwepo mezani kwangu.

Nikaisoma. Nikapongezwa, nikathibitishwa kazini, na cheo nilicho nacho leo kilianzia kwenye kikao kile. Watu wa zamu walinishika mkono mmoja mmoja, naye amekaa safu ya nyuma akipiga makofi kama wengine. Kila nilipotaka kusema, alinikataza. Kisima Namba Saba kiliendelea kutoa mafuta kwa miaka kumi na mmoja.

Kwa hiyo, mama, haya nayaandika bila ruhusa yako. Jana nimepeleka barua masjala, na kwenye jalada la ripoti ile jina lako linawekwa juu, langu linashuka chini. Najua utanikunjia uso ukumbini siku ya kukuaga. Kunja tu. Nimevaa sifa zako miaka kumi na tisa, na hazijawahi kunikaa vizuri.

Idara nzima inakushukuru. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na mjukuu mtundu. Nenda ukapumzike vizuri, na ukiulizwa ni nani aliyekiokoa Kisima Namba Saba, safari hii sema ukweli.