Kandambili Mlangoni

Nani kati yenu hajawahi kusimuliwa na marehemu jinsi Mungu alivyomfungulia mlango? Basi vumilieni, mtasimuliwa tena, kwa mara ya mwisho.

Marehemu, au Mama Pasi kama mlivyomzoea, alizaliwa tarehe 3 Juni 1957, binti wa kwanza wa seremala na mkunga, akaanza shule mwaka 1965, akamaliza darasa la saba mwaka 1971 akiwa wa pili, jambo lililomuudhi hadi uzeeni, na tarehe 2 Februari 1976 akaajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, alikopiga pasi mashuka miaka ishirini na minane. Historia kama hizi hupenda kusema marehemu alikuwa mpole. Huyu hakuwa mpole. Alikuwa mwema, tena ana mdomo.

Tarehe 12 Desemba 1980 aliolewa na dereva wa gari la wagonjwa, aliyejigamba kwamba shati lake halitaona mkunjo tena, wakajaliwa binti mwaka 1981 na mwana wa kiume mwaka 1983, hawa mnaowaona hapa mbele.

Alhamisi, tarehe 9 Agosti 1984, aliingia chumba cha kukaushia akiwa peku, kwa kuwa penye mashuka safi hapaingiwi na viatu. Kandambili zilizoachwa mlangoni ndizo zilizowaambia wengine kwamba ndani kuna mtu, na asiyeziona alisukuma komeo la nje ili joto lisitoke. Siku hiyo komeo lilisukumwa. Aligonga, aliita, mashine zikamzidi kelele, akaungua kifua humo tangu saa nne hadi saa tano na nusu, mpaka komeo likavutwa, naye akatoka akitambaa, asimkute mtu yeyote, ila kandambili zake.

Mapafu yake hayakupona. Hata hivyo kila tarehe 9 Agosti alisimama mbele ya waumini, akakohoa kwanza, kisha akasema, "Jamani, Mungu alinifungulia, na kandambili akanipangia, zikitazama nje, nisihangaike!" Watu walicheka, wakashangilia, na mdogo wake, aliyekaa mstari wa mbele, akaitikia Amina, miaka thelathini na sita mfululizo.

Tangu Novemba 2020 alipumua kwa mtungi wa oksijeni. Siku mbili kabla ya mwisho alimwuliza mdogo wake, "Na wewe, msomi wangu, huna la kumwambia Mungu?" Mdogo wake akajibu kwamba mto umekaa vibaya, akaurekebisha. Marehemu alifariki Jumatano, tarehe 17 Februari 2021, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kumgeuza kitandani, na wafanyakazi wenzake, waliolipiga pasi shuka lililomfunika. Inamshukuru Mungu pia, kama alivyoagiza marehemu mwenyewe, kwa kutolewa katika joto lile.

Mdogo wake ndiye anayewasomea. Mwaka ule wa 1984 alikuwa likizo ya chuo, kibarua cha hapo hapo kufulia aliombewa na dada yake, na asubuhi ile kandambili zake zilikatika.

Pumzika kwa amani, dada. Zako nilizivaa mimi, bila kukuuliza, nikapita mlangoni nikaona hapana viatu, nikafunga. Nilipotazama miguu yangu nilirudi mbio, nikafungua, nikazipanga, nikakimbia. Ni mimi, dada. Nilikufungia mimi.