Gaju na Mpira wa Ulaya

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana leo nimesimama na jambo la kunitia haya.

Mnanijua, mimi ni Papa Ester, mchunga ng'ombe wa hapa Karuba. Mke wangu alipomzaa Ester, baba mkwe wangu alituletea ng'ombe, kama ilivyo desturi yetu: binti akizaa, kwao wanampelekea ng'ombe, ili mtoto anywe na mama aheshimiwe. Ng'ombe huyo ni Gaju, mwekundu, mpole kwangu na mkali kwa wengine wote. Ng'ombe wa namna hiyo mume anamchunga na kumkamua, lakini hamtoi bila neno la mke wake. Hilo nililijua. Nisije nikasema sikulijua!

Siku hizo kanisani nilikuja kama mtu anayekuja kuota jua. Ibada yangu ya kweli ilikuwa Jumapili alasiri, kwenye redio ya Mzungu, bwana wa shamba la pareto. Mpishi wake, Zakaria, mtu wa Walikale aliyezaliwa msituni upande wa Pinga, alituruhusu sisi wachunga ng'ombe kukaa kwenye nyasi chini ya dirisha.

Siku hiyo Wabelgiji walicheza na Waholanzi kule Ulaya. Mpira wa urafiki tu! Hakukuwa na kombe wala zawadi. Hata wachezaji wenyewe, nadhani, jioni walikula pamoja wakasahau. Lakini sisi tulikaa pale kama watu wanaongoja hukumu.

Tulianza kuwekeana dau la vitu vidogo, tumbako na mahindi ya kuchoma. Kisha Zakaria akaweka koti lake la sufu kwa upande wa Waholanzi, na baridi ya milima hii mnaijua. Nikalitamani. Nikasema naweka kibuyu kimoja cha maziwa. Akacheka mbele ya watu wote.

"Nyinyi watu wa ng'ombe, kinywa yenu iko mukubwa, lakini mukono iko mufupi!"

Damu ikanipanda kichwani. Nikasema, "Wabelgiji wakishindwa, kamata Gaju!"

Ndugu zangu, kwetu neno juu ya ng'ombe halina mzaha. Ukilisema mbele ya wanaume, limekwenda. Na tazameni upumbavu wangu: Kifaransa cha redio sikijui, na aliyekuwa akitutafsiria mpira ni Zakaria mwenyewe! Nilishindana na mtu ambaye mpira wote ulikuwa ndani ya sikio lake. Redio ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Mwishowe Zakaria akasimama.

"Imekwisha. Wabelgiji wameshindwa."

Nikampeleka Gaju kwake, pamoja na ndama. Nyumbani nikasema uongo. Nikamwambia mke wangu kwamba bwana wa shamba ndiye aliyetaka maziwa ya Gaju kwa muda, na neno la Mzungu nani angelikataa? Akaniamini. Hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Mungu naye hakuniacha nilale raha. Zakaria alijua kutega nyani, hakujua kukamua, na Gaju alimzuilia maziwa kabisa. Akamkubali mtu mmoja tu. Basi kila asubuhi ni mimi niliyekwenda kumkamua ng'ombe wa mke wangu, nikayaacha maziwa kwa watu, nikarudi na chombo kitupu kwa mtoto anayelia. Ester alikuwa anakunywa uji wa mtama, na mashavu yake yakaanza kuisha. Usiku nilijiambia, Zakaria alidanganya, mwizi ni yeye. Lakini nani alimtoa Gaju? Ni mimi.

Asubuhi moja mke wangu akanifuata njiani. Alikuwa ameosha kibuyu kipya, amekifukiza moshi kama wanawake wetu wanavyofanya ili maziwa yasiharibike. Akanipa kwa mikono miwili.

"Beba hiki. Kile cha zamani kimeanza kunuka. Maziwa ya watu isiharibike mu mukono yako."

Akarudi kwa mtoto. Mimi nikakaa kando ya njia na kile kibuyu mapajani, nikalia, mtu mzima mwenye ndevu! Nikasema, Bwana, nimechoka kuwa mimi.

Jumapili iliyofuata nikasimama hapa hapa. Nikasema yote: mpira, koti, uongo. Mke wangu alikuwa benchi ya wanawake na Ester mgongoni. Sikuthubutu kumtazama. Kisha nyuma, karibu na mlango, mtu akasimama. Ni Zakaria.

"Kaka, hata miye niko na yangu. Siku ile redio ilikuwa inalia tu sawa mvua ku mabati. Mwisho sikuusikia. Nilisema yenye moyo yangu ilipenda. Na tangu siku ile, ile maziwa haijapita vizuri mu koo yangu."

Haleluya! Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mtu huyo hadi kaburini, kumbe tulikuwa wawili ndani ya shimo moja.

Mke wangu akamfunga Ester vizuri mgongoni. Alitoka. Ibada ilipokwisha tukamkuta njiani akitoka kwa Zakaria, amemshika ndama shingoni, na Gaju anamfuata. Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu akajaza kibuyu kile alichokifukiza, akaniambia nikipeleke kwa Zakaria, maana watoto wake wamezoea maziwa, nao hawakucheza mpira wowote. Akaongeza, "Na ukitaka kucheza tena, uweke suruali yako." Ndugu zangu, hiyo ndiyo neema, mimi niliionja kwa mkono wa mwanamke niliyemwibia.

Wewe uliyetoa kisicho chako, nenda ukaseme leo. Usingoje uwe na maneno mazuri, mimi sikuwa nayo. Bwana Yesu alinipokea na haya yangu yote, na wewe atakupokea.

Baadaye bwana wa shamba alitaka kuniambia nani alishinda siku ile. Nikamwomba aninyamazie. Mpaka leo sijui. Ninachojua ni yule msichana wa benchi ya mbele, mwenye mashavu, anayesinzia wakati baba yake anashuhudia. Huyo ndiye Ester. Mwacheni alale, ameshiba.