Bango Lisilo na Uso

Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi moja refu la mbao, limepinda katikati kwa kukaliwa na watu wasio na haraka. Mwisho mmoja wa benchi palikuwa na meza ya Mzee Soli, fundi viatu. Mwisho wa pili jiko la mkaa na birika la Mama Kahawa. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi, na kwenye ukuta huo, bango. Mpaka jana bango lilikuwa zima: Malkia, mwimbaji anayejulikana hata na wasiopenda muziki, kasimama na gauni jekundu, kipaza sauti mkononi, na chini yake tangazo la shoo ya Jumamosi. Asubuhi hii walikuja watu wawili na ngazi na ndoo ya gundi, wakabandika karatasi nyeupe usoni pake, usoni tu, wakaenda zao bila hata salamu. Gauni lipo, kipaza sauti kipo, uso hakuna. Sasa kijiwe kikishapewa kitu kama hicho mbele ya macho, nani atafanya kazi tena siku hiyo?

— Kafukuzwa, alisema Redio.

Redio alikuwa fundi simu, na jina alilipata kwa sababu hazimiki. Watu waliamini kwamba kila simu anayoifungua, habari zilizomo zinamwingia yeye, na mwenyewe hakuwahi kulikanusha jambo hilo.

— Hajafukuzwa. Kaondoka mwenyewe, alisema Wakili.

Wakili naye hakuwa wakili. Alikuwa dalali wa nyumba. Siku moja aliitwa mahakamani kutoa ushahidi, hakimu akamsifu kwa kuongea kwa sauti ya kusikika, na tangu hapo hajashuka.

— Kafukuzwa, nakwambia! Lebo inayomrekodi ni ya Tajiri, nyimbo za Tajiri, mpaka gari analopanda ni la Tajiri. Malkia akasema na yeye anataka awe na sauti. Tajiri akamjibu, sauti si unayo? Toka nayo.

— Fahali wawili hawakai zizi moja, alisema Wakili kwa uzito. Kwa hiyo mmoja wao ni ng'ombe. Cha kujua ni yupi.

— Kunywa kahawa yako, alisema Mama Kahawa.

Mzee Soli alikuwa anashona soli ya kiatu cha kike, na sindano ilishamchoma kidole gumba mara mbili. Mtu wa miaka mingi kwenye kazi hiyo hachomwi na sindano ila akiwa na lake moyoni, na yeye alikuwa nalo. Asubuhi, kabla hajafungua hata boksi la misumari, binti yake alimpigia simu. Kijiwe kizima kilijua binti huyo yuko mjini, kwenye kampuni. Ni kweli, kampuni. Ila kazi yake ni kusimama nyuma ya Malkia na kuitikia.

"Baba," alisema binti, "Malkia na Tajiri wameachana vibaya. Tajiri anataka Jumamosi nisimame mbele mimi, niziimbe nyimbo zote. Nikikubali, Malkia atasema nimempindua, na yeye ndiye aliyenipokea mjini sina pa kulala. Nikikataa, Tajiri anasema mimi na wenzangu wote tusirudi tena. Wanataka jibu leo. Nitakupigia baadaye uniambie nifanyeje. Na baba, tafadhali, usiwaambie watu wa kijiweni."

"Nimekuelewa, mama," alijibu Mzee Soli. Hakuwa ameelewa hata nusu. Maisha yake yote watu walimwomba ushauri wa viatu tu, na hapo alikuwa bingwa: hiki kinashoneka, hiki katupe. Mambo ya kumpindua mtu na kumtupa mtu yalimzidi kimo. Lakini ni binti yake wa pekee, na amemtegemea yeye. Basi akaona heri aichote hekima ya kijiwe kimyakimya, bila kumtaja mtu.

— Hivi, alianza, macho kwenye kiatu, wale wanaosimama nyuma ya Malkia. Waitikiaji. Mambo yakiharibika hivi, wao wanafanyaje?

Redio akaweka kikombe chini taratibu.

— Mzee Soli. Umeliona.

— Nimeona nini?

— Mwitikiaji! Jamani, sisi tumekaa hapa tunahangaika na Tajiri, kumbe mchawi yuko nyuma! Kuna mmoja pale, wa upande wa kushoto. Mwembamba. Anacheka sana.

Mzee Soli akakaza uzi kuliko ilivyohitajika. Wa upande wa kushoto ndiye wake.

— Kucheka ni kosa?

— Mzee, mtu kasimama nyuma ya mwenzake usiku kucha, hatajwi, hapigiwi makofi, halafu anacheka. Anacheka nini? Anajua kitu huyo.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Wakili, akaonyesha bango kwa kidole. Umeona? Uso wameuziba, nguo wameiacha. Ujumbe huo! Wanatuambia tutafute kwenye nguo.

Wote wakalitazama lile gauni jekundu kwa muda. Hata Mama Kahawa alilitazama, kisha akajilaumu.

— Mimi nilishasikia, alisema Redio, ambaye hakuwa amesikia kitu, kwamba huyo binti ni mchumba wa Tajiri. Wa siri.

— Si mchumba, alisema Wakili, ni mdogo wake Malkia. Baba mmoja, mama mbalimbali. Watazame pua.

— Malkia hana pua, wameziba.

— Mimi nasema pua ya jana.

— Basi ni vyote viwili. Mchumba wa Tajiri na mdogo wake Malkia. Ndo maana hawa wawili hawajagombana hata kidogo. Wanatafuta kiki, watu wawaongelee! Jumamosi karatasi inabanduliwa, Malkia yule yule anatokea, tiketi zimeisha.

— Na mwitikiaji?

— Mwitikiaji ndiye bosi wao.

Mzee Soli akasahau kuvuta uzi. Alikuja na swali moja, sasa alikuwa na binti aliyechumbiwa, mwenye dada asiyemjua, na aliyeajiri watu wawili mashuhuri. Alijaribu kuyapanga kichwani, yakagoma kupangika. Kibaya zaidi, kuna upande wa moyo wake ulioanza kusikiliza. Kwani yeye anajua nini? Binti akija nyumbani anasema kazi inaendelea vizuri, anaosha vyombo, anaondoka. Huenda kweli kuna mengine.

— Lakini binti mdogo vile hawezi peke yake, alisema Wakili. Ukimwona kobe juu ya mti, ujue kapandishwa. Nani kampandisha?

— Nani?

— Baba yake.

Sindano ikaingia kidoleni mara ya tatu, na safari hii ilizama.

— Wahenga walishasema, aliendelea Wakili, haba na haba hujaza kibaba. Umeona? Baba yumo tangu zamani. Ngoma yote hii anaipiga yeye, wengine wanacheza tu.

— Baba yake... anafanya kazi gani? aliuliza Mzee Soli huku ananyonya kidole.

Redio akatazama huku na huku kutafuta jibu. Macho yakamwangukia pale mezani kwa fundi.

— Ngozi, alisema. Ana viwanda vya ngozi. Na malori. Na wake watatu.

Mzee Soli alikitazama kipande cha ngozi alichokishika, chakavu, alichokikata kwenye mkoba wa zamani. Mke alikuwa naye mmoja, na huyo mmoja alikuwa hajamjibu salamu tangu jana.

— Labda baba yake ni mtu wa kawaida tu, alisema.

— Mzee wangu, watu wa kawaida hawana mabinti kule.

— Tuseme anaye. Tuseme ni mtu wa kawaida, hajui kitu, na binti kamwuliza: baba, nikubali kusimama mbele au nikatae? Amwambie nini?

— Akubali, alisema Redio papo hapo. Nafasi haipigi hodi... haipigi... akubali tu.

— Akatae, alisema Wakili. Mchumia juani hulia kivulini.

— Hulia kivulini, au hulia chakula chake kivulini? aliuliza Redio.

— Analia. Mimi nimeisikia hivyo, analia.

— Basi akubali lakini asiimbe. Asimame tu, acheke kama kawaida yake.

— Au akatae kwa Tajiri, akubali kwa Malkia.

— Malkia hajamwomba kitu!

— Ndo ujanja wenyewe huo.

Mama Kahawa, aliyekuwa anapuliza mkaa, akainua kichwa.

— Nyie mnacheza na mtoto wa watu. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Huyo ni nyasi tu, maskini.

— Nyasi? alidakia Redio. Huyo ni nyoka wa kwenye nyasi, Mama!

— Si nyoka!

Sauti ilimtoka Mzee Soli kubwa kuliko alivyokusudia. Kiatu kilimponyoka. Redio alimtazama, Wakili alimtazama, na mtu aliyekuwa anapita na baiskeli naye akageuka.

— Unamjua? aliuliza Redio polepole.

— Nimesema tu. Mnamtukana mtu hamjamwona.

Hasira ilimpanda kwelikweli, na ndani ya hasira kulikuwa na aibu, maana aliyelianzisha ni yeye. Aliambiwa asiseme kijiweni. Hakusema, lakini amekiachia kijiwe kimtafune mwanawe mchana kweupe huku yeye anashona. Alitaka kuwaambia wote wanyamaze, ila angewaambia kwa sababu gani?

Hapo ndipo alipofika mwanamke mmoja, mgeni pale mtaani, anachechemea, ndala moja mguuni na nyingine mkononi, mkanda umeng'oka.

— Shikamooni. Fundi, hii itashoneka?

— Marahaba. Itashoneka, kaa hapo.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Wakili alimwambia kwa upole, akimsogezea nafasi.

— Lakini mimi imekatika ndala tu, kaka.

— Tunaanzia hapo hapo.

Mama Kahawa akampa kikombe. Mgeni akauliza kwa nini lile bango halina uso, na hilo lilikuwa kosa lake. Redio alimpa yote kwa pumzi moja: Malkia, Tajiri, karatasi, uchumba wa siri, pua ya jana, viwanda vya ngozi, malori. Wakili akajazia vipengele. Kila walipoirudia hadithi iliota tawi jipya, na yule mgeni aligeuza kichwa huku na huku, mguu mtupu juu ya mwenzake, mpaka kahawa ikampoa.

— Subirini kidogo, alisema mwishoni. Huyo binti wa nyuma, ndiye atakayeimba Jumamosi?

— Ndiye.

— Na anaimbaje?

— Anaimbaje vipi?

— Nauliza tu. Ana sauti nzuri?

Redio akachukua kikombe, kilikuwa kitupu.

— Hilo, alisema, halijatangazwa.

— Swali halihusiani na kesi, alisema Wakili, lakini sauti yake haikuwa ya kusikika kama siku zote.

— Hamjawahi kumsikia?

— Tumemsikia Malkia.

— Fundi, na wewe?

Mzee Soli hakuinua uso. Kinyozi wa jirani hupiga nyimbo za Malkia kutwa nzima, na mara ngapi ameacha nyundo hewani kiitikio kikifika, akategea sikio! Sauti ni tatu, zimeshikana. Hakuwahi kujua ipi ni ya binti yake. Na nyumbani, tangu binti akiwa mdogo, yeye alirudi jioni amechoka, na akifika tu mlangoni mama yake alisema, nyamaza, baba kaja. Na nyumba ilinyamaza. Wakati ule aliiona heshima, akakaa, akala, akalala. Kwa hiyo alichokuwa nacho cha binti yake ni ule ukimya wa jioni, na sasa anatakiwa aseme kama aimbe au asiimbe.

— Sijui, alisema. Na mimi sijui.

Simu ikalia kwenye mfuko wa aproni. Ililia ikalia.

— Pokea mzee, alisema Redio. Nani huyo?

— Binti yangu, alisema Mzee Soli. Wa upande wa kushoto.

Kikombe cha Wakili kilisimama njiani kuelekea mdomoni.

— Baba, ilisema simu. Wamekaa wananingoja. Niwaambie nini?

— Mama, nimewauliza watu wote wenye akili hapa, na nimechanganyikiwa kuliko asubuhi. Niimbie kwanza.

— Nini?

— Imba. Kidogo tu. Nitasemaje akubali au akatae mtu ambaye sijawahi kumsikia?

Kwenye simu kikasikika kiti kikisogezwa.

— Hapa, baba? Kuna watu.

— Hata huku kuna watu. Imba, mama.

Akaikandamiza simu sikioni kwa mikono miwili, mpaka kijiwe kisisikie hata chembe. Redio alisogea, Wakili akasogea, benchi likalia, na bado hawakuambulia kitu. Ilibidi wamtazame usoni tu, wao waliozoea kujua kila kitu.

— Anaimbaje? alinong'ona Redio.

Mzee Soli alimtikisia kichwa anyamaze. Machozi yalikuwa yanamshuka na wala hakuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi.