Mama Usizime na Majibu Ishirini na Saba

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Sogeza kiti, punguza moto jikoni. Leo tunamkumbuka mwandishi wa programu za kompyuta aliyetutoka wiki iliyopita, akiwa na miaka sitini na mmoja. Hospitali nzima ilimwita Mama Usizime. Jina hilo alilipata kwa jasho, tena jasho la kweli, maana mwili ulikuwepo na ngazi hakuzipenda hata kidogo.

Kazi yake ilikuwa hivi. Rekodi ya mgonjwa ina maisha yake. Inazaliwa kwenye kompyuta ya maabara, inarekebishwa, inatumwa kwenye seva, ile mashine kuu inayotunza rekodi zote, na siku moja inafutwa. Kila hatua, programu hupiga hodi: nakaribia kuhifadhi, nimeshahifadhi, nakaribia kufuta. Mama Usizime ndiye aliyeamua, hodi ikipigwa, nini kifanyike.

Mwezi wake wa pili kazini, akiwa bado kwenye majaribio, akakosea. Neno "Imehifadhiwa" aliliweka kwenye hodi ya kwanza, kabla seva haijajibu. Asubuhi moja mtandao ukakatika. Kompyuta zikaendelea tu: imehifadhiwa, imehifadhiwa. Kumbe seva haijapata kitu! Majibu ya damu ya wagonjwa ishirini na saba yalikuwa kwenye skrini tu, na mmoja wao alikuwa anasubiri upasuaji. Ukizima kompyuta, kwisha habari. Na saa ya chakula, ambapo kila mtu huzima, ilikuwa imekaribia.

Wee! Mama alipanda ghorofa nne, viatu mkononi. "Msizime! Jamani, msizime!" Mlango kwa mlango, vyumba kumi na kimoja. Chumba cha mwisho akamkuta msafishaji ameshashika waya wa kompyuta, anataka kuuchomoa achomeke birika. "Dadangu, chai itasubiri," akamwambia, huku anahema. Mtandao uliporudi, akayatuma majibu moja moja. Yote ishirini na saba yakapona, na yule wa upasuaji akaongezewa damu ya kundi lake jioni hiyohiyo.

Bosi akasema, basi tuandike mtandao ndio ulioharibu. Angenyamaza, nani angejua? Lakini akajibu: "Mtandao ulikatika, sawa. Uongo niliuandika mimi." Wenzake wakadhani kibarua kimeota nyasi. Wapi! Alikaa miaka ishirini na mitatu.

Binti yake anasimulia huku akicheka na kulia: "Nyumbani tulikoma! Ukisema umemwambia shangazi, mama anauliza, 'Amejibuje?' Kama hajajibu, hujamwambia."

Mumewe, fundi saa, alikaa naye siku za mwisho. Anasema: "Nilimwambia, mke wangu, nakupenda. Kimya. Nikarudia. Akafumbua jicho moja: 'Imefika, baba watoto. Hata ile ya kwanza ilifika. Mtandao wangu tu ndio mzito.'"

Pole sana, mzee wetu. Pole, binti. Poleni, watu wa maabara. Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, kuna mtu unayeamini anajua unavyompenda. Umemwambia, akakujibu?