Asante Kuzaa: Bonny Komakech Olal, Mlinzi wa Geti la Nyuma

Marehemu Bonny Komakech Olal alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika kambi ya polisi ya Naguru, Kampala. Baba yake, Konstebo Olal, alikuwa Mkatoliki wa Kitgum. Mama yake, Bibi Sumayiya, Mwislamu wa Bombo. Nyumbani walielewana kwa Kiswahili, na walipogombana, ni kwa Kiswahili hichohicho.

Alisoma shule ya msingi palepale Naguru, kisha akapelekwa sekondari Kitgum, mpaka vita vikamrudisha Kampala mwaka 1987. Alitamani kuwa polisi kama baba yake, lakini macho yakamwangusha kwenye usaili. Haya, Mungu ana mambo yake: aliyekataliwa kwa sababu ya macho alikula mshahara wa kukodoa macho maisha yake yote.

Mwaka 1998 aliajiriwa kuwa mlinzi wa hospitali moja hapa mjini, geti la nyuma, upande wa wodi ya wazazi. Kila mtu alimwita Afande. Sasa geti lenyewe, jamani! Komeo lilikatika mwaka 2009. Mkurugenzi akaja, mkurugenzi akaondoka, na kila mmoja alimwambia, "Afande, tunalishughulikia." Akawa analifunga kwa kamba ya kuanikia nguo aliyoitoa nyumbani.

Kamba hiyo ilikuwa ya Docus Abalo, aliyefunga naye ndoa tarehe 5 Desemba 1998, wakaishi Kawempe. Docus alinunua kamba nyingine, nayo ikaenda getini. "Hivi umenioa mimi au umeoa hospitali?" alimuuliza. Akajibu, "Mama Amito, nguo zikiibwa tutanunua nyingine. Mtoto wa mtu je?" Docus akaanza kuanika nguo juu ya ua.

Kwa kuwa kamba haimzuii mtu, Komakech alilinda kwa mdomo. Kila mama aliyetoka na kichanga alimpongeza kama tunavyopongezana hapa kwetu: "Asante kuzaa!" Wengine waliitikia, wengine waliguna tu kwa maumivu. Mwaka 2016, mchana kweupe, mwanamke mmoja akapita mbio mbio na kichanga, akamjibu, "Na wewe pia!" Afande akamziba njia. "Mimi pia nimezaa? Lini?" Kumbe mtoto alikuwa wa Mbambu, aliyekuwa bado amelala wodini. Mbambu yuko nasi leo, na binti yake ndiye yule mwenye sare ya shule. Kwenye mkutano wa wafanyakazi Afande alipigiwa makofi mengi. Geti halikutengenezwa.

Alichoka. Yeye hakulalamika, lakini sisi tumechoka kunyamaza. Tarehe 3 Februari 2024, ndugu wa mgonjwa aliyefariki, wamejaa uchungu na hasira, waliikata ile kamba wakaingia kumtafuta muuguzi. Komakech akasimama mlangoni, akapigwa tofali kichwani. Muuguzi alipona. Yeye hakuwa tena yule tuliyemjua: kichwa kikawa kinauma kila siku, kisha kiharusi, ulimi ukawa mzito. Neno tulilolisikia vizuri hadi mwisho lilikuwa "geti". Alifariki Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, katika hospitali hiyohiyo.

Jana tulipokwenda kuuchukua mwili, tulikuta geti jipya la chuma. Mlinzi mpya akatusimamisha: hakuna gari linalotoka bila kibali. Tukakaa juani. Dada yake Jamilah, anayewasomea haya, akapandisha sauti: "Unamzuia Afande? Unajua huyu ni nani?"

Docus akamshika bega. "Wifi, mwache afanye kazi. Miaka yote hiyo mume wangu alikuwa anaomba geti la kumzuia mtu. Si ndilo hili?"

Tukangoja kibali.

Ameacha mjane, Docus, watoto wawili, Amito na Ocaya, dada, Jamilah, na kamba moja ya nguo yenye mafundo, ambayo mlinzi yule aliifungua kwenye nguzo ya zamani akamkabidhi mjane kwa mikono miwili.

Afande, geti limefungwa. Asante kazi. Sasa pumzika.