Flaiwili Nyepesi na Magunia ya Mtoni

Huko Nkubu watu hulima kahawa, lakini hunywa chai. Ukitaka kahawa ya kunywa utaipata kwa Marcella, juu ya mwinuko karibu na faktori ya kahawa, mwenye thermos mbili na benchi moja linalolalia upande. Alasiri hiyo ya msimu wa mavuno walikuwa wamelikalia wateja wa kila siku: Salesio, aitwaye Ripota kwa kuwa habari humfikia kabla hazijatokea, na Njoka wa kutoka Kiritiri, aitwaye Breki kwa kuwa mdomo wake hauna. Mbele yao Koome, mwanawe Marcella, aligusa kishikio cha mafuta cha pikipiki ya mamake, ikalia kama nyuki aliyekasirishwa. Jumapili, mamake akiwa kanisani, alikuwa amefungua injini palepale jikoni, akatoa flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka ndani, akaweka nyingine iliyochongwa ikabaki nyembamba kama chapati. Marcella alimimina kahawa. Magunia yake ya kahawa mbichi yalikuwa chini mtoni yakingoja pikipiki hiyohiyo, na kahawa iliyochumwa leo, faktori haiipokei kesho.

— Sikia hiyo, alisema Koome. Kugusa tu, imeshapanda. Ile ya zamani ilikuwa inalala.

— Mimi nilijua, alisema Ripota. Hizi pikipiki huundwa kwao kwenye tambarare. Wanaweka chuma ndani zisipeperushwe na upepo. Huku kwetu upepo uko wapi?

— Hata mtu akipanda mlima hashibi kwanza, alisema Breki. Na wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake hakuna mzigo usioweza kupunguzwa.

— Hiyo siyo maana yake, alisema Marcella.

— Mama Koome, methali ni ya anayeitumia.

— Na polepole ndio mwendo? aliuliza Ripota.

— Hao hawakuwa na flaiwili nyepesi, alisema Breki.

Koome alicheka, akaigusa tena.

— Mami, si unasikia?

— Nasikia kelele. Hukuniuliza.

— Ningekuuliza ungekataa.

— Basi jibu ulikuwa nalo.

Ripota alikohoa, akayarudisha mazungumzo mahali salama.

— Ukichonga tena kidogo, Koome, itatumia nusu ya petroli.

— Na ukiitoa kabisa, alisema Breki, itakuwa inatengeneza yake. Utakuwa unauzia wenzako wa bodaboda stejini.

Hapo ndipo Mukiri alipotokea kwenye kona ya njia, mikono imeshika wekundu wa kahawa, pumzi juu. Alikuwa mmoja wa wachumaji wa Marcella.

— Muga, Mama Koome, alisalimia. Tumemaliza. Mvua iko huko kwa mlima na faktori inakaribia kufunga mizani. Aliitazama pikipiki. Hii ndiyo mnasema imetengenezwa?

— Ni moto sasa, alisema Koome.

— Imeshapanda hapa na gunia?

Koome alimtazama Ripota. Ripota alimtazama Breki. Breki akatazama ndani ya kikombe.

Koome alivaa helmeti akashuka nayo mtoni. Injini iliteremka ikiimba, ikapotea kwenye migomba. Wakangoja. Kisha sauti ikaanza kupanda, nyembamba, ya juu, ikashuka ghafla, ikakatika. Ikawaka tena. Ikakatika.

— Amesimama kusalimia mtu, alisema Breki.

Ikawaka, ikakatika.

— Watu wengi wako njiani leo, alisema Ripota polepole.

Marcella alijua mahali penyewe: pale kwenye kona ya mawe, ambapo flaiwili ile nzito ilikuwa ikiivuta injini isizime, tu-tu-tu, kama ng'ombe mzee anayejua nyumbani. Tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya benchi.

— Niongezee kidogo, Mama Koome, alisema Breki akinyoosha kikombe.

Marcella alifunga thermos. Ilikuwa bado nusu, na wote waliisikia ikicheza ndani.

— Kahawa imeisha, alisema, akijifunga leso kiunoni. Iliyobaki iko mtoni. Ripota, shika kamba hiyo ya kubebea magunia. Na wewe Breki, gunia kubwa ni lako. Si ulisema ni usufi?